Hita ya Vifaranga Imezima Usiku: Utengeneze Mwenyewe au Umwite Fundi?

Mwezi wa sita na wa saba huku Nyanda za Juu Kusini ni miezi ya makoti. Njombe, Makete na Mufindi, usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Sentigredi. Mwenye mahindi ghalani analala zake. Mwenye vifaranga wa siku tatu bandani hana usingizi, kwa sababu kifaranga wa umri huo anahitaji nyuzi 32 hadi 35 na mwili wake bado hauwezi kujitengenezea joto la kutosha. Hita ikizima saa nane usiku, mpaka jogoo wa jirani awike unaweza kukuta wamelundikana pembeni, wa chini wamekufa kwa kukosa hewa.

Ndiyo maana msimu huu swali ninaloulizwa sana na vijana wa kuku wa nyama na wa mayai siyo la chanjo wala la chakula. Ni hili: hita imegoma, nifungue mwenyewe au nimwite fundi?

Jibu siyo moja kwa hita zote. Kuna kazi ambazo kumlipa fundi ni kupoteza hela, na kuna kazi ambazo ukijaribu mwenyewe unacheza na banda, mtaji na maisha yako. Leo tuzitenganishe.

Okoa vifaranga kwanza, spana baadaye

Kosa la wengi ni kukimbilia mashine. Unapiga magoti na tochi mdomoni, unafungua skrubu, saa nzima inapita na vifaranga wako kwenye baridi. Dakika 15 za mwanzo siyo za matengenezo. Fanya haya:

1. Punguza eneo. Sogeza mduara wa maboksi au bati laini ili vifaranga wakae karibu karibu, ila wasibanane mpaka kukanyagana.
2. Shusha mapazia upande unaotoka upepo, ila acha nafasi ya juu hewa ipite.
3. Jaza maji ya moto kwenye madumu ya lita 5 au 10, funga vizuri, yaviringishe na gunia au kitambaa, yapange katikati. Yakipoa, badilisha.
4. Ongeza maranda makavu kama sakafu imepoa.
5. Pita kila baada ya dakika chache kuwatawanya wanaolundikana.

Wakishatulia, sasa unaweza kufikiria mashine kwa akili iliyotulia. Ukiona dalili za gesi kuvuja, yaani harufu kali, hapo utaratibu unabadilika kabisa. Nitalieleza chini.

Kabla hujasema "imeharibika"

Usicheke, lakini hita nyingi zinazoitwa mbovu hazina ubovu wowote. Kwa hita ya umeme, angalia Luku kwanza. Uniti zimeisha? Umeme umekatika mtaa mzima? Soketi imelegea? Kwa hita ya gesi, angalia kama gesi ipo. Usipime kwa kutikisa mtungi, pima kwa mizani ileile ya chakula cha kuku. Mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Toa uzito huo kwenye namba unayoisoma, inayobaki ndiyo gesi yako.

Kuna jambo moja la baridi ambalo linawachanganya wengi. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika. Ili itoke lazima igeuke kuwa hewa, na ikigeuka inachukua joto kutoka kwenye mtungi wenyewe. Mtungi mdogo wa kilo 6 ukiunganishwa na hita kubwa, usiku wa baridi, mtungi unapoa mpaka unatoa jasho au ukungu mweupe kwa nje. Mgandamizo unashuka, moto unakuwa dhaifu, mwisho unazima. Unapima, unakuta gesi ipo nusu. Unaamini hita ni mbovu, kumbe mtungi ni mdogo kuliko kazi.

Dawa yake ni mtungi mkubwa zaidi, kilo 15 au 38, au kuunganisha mitungi miwili kwa kiungio maalumu kilichofungwa na fundi wa gesi. Dawa yake siyo kuumwagia mtungi maji ya moto wala kuusogeza kwenye jiko. Hilo nalisema kwa herufi kubwa: USIPASHE MTUNGI WA GESI.

Maswali matatu ya kuamua

Ukishahakikisha umeme upo na gesi ipo, na bado hita haiwaki, jiulize maswali haya kwa mpangilio huu.

Swali la kwanza: nikikosea, nini kitatokea? Ukikosea kusafisha vumbi, hita haitawaka, basi. Ukikosea kufunga njia ya gesi, gesi itavuja ndani ya banda lenye maranda makavu na moto. Makosa haya mawili hayalingani hata kidogo.

Swali la pili: nina njia ya kujua kama nimeifanya sawa? Kazi ambayo huwezi kuipima baada ya kuimaliza siyo kazi yako. Kiungio cha mpira unaweza kukipima kwa povu la sabuni. Mgandamizo wa regyuleta huwezi kuupima bila kifaa.

Swali la tatu: vifaranga wanaweza kusubiri kwa muda gani? Kama una joto la akiba la kuwafikisha asubuhi, huna sababu ya kubahatisha usiku. Maamuzi mabaya mengi yanafanyika kwa sababu mtu hana mpango wa pili, siyo kwa sababu hana akili.

Kazi unazoweza kufanya mwenyewe

Banda la kuku lina vumbi kuliko sehemu nyingi unazozijua. Manyoya, unga wa chakula, maranda na kinyesi kikavu vyote vinaruka, na vyote vinaishia kwenye hita. Kwa hiyo matatizo mengi ya hita ya gesi bandani ni uchafu, na uchafu ni kazi yako.

Kusafisha. Funga gesi kwenye mtungi, acha hita ipoe kabisa, itoe nje ya banda. Tumia brashi laini, kisha puliza kwa pampu ya baiskeli. Kama hita ina kichujio cha hewa, kitoe, kikung'ute, kioshe kama kitabu cha hita kinaruhusu, kikauke kabisa ndipo ukirudishe. Safisha sehemu ya ule mwali mdogo wa kuwashia, ambao mafundi wanauita pailoti.

Tundu la nozeli usilichokonoe kwa sindano wala waya. Tundu lile limepimwa. Ukilipanua hata kidogo, gesi inatoka nyingi kuliko hewa, moto unakuwa wa njano, masizi yanajaa, na sumu ya hewa ya kaboni inaongezeka. Likiziba na kupuliza kumeshindwa, nunua nozeli ya aina ileile.

Kubadilisha mpira wa gesi na klipu zake. Mpira ukiwa na nyufa, umekuwa mgumu au umeng'atwa na panya, utupe. Usiuzungushie selotepu. Nunua mpira wa gesi wenyewe, siyo wa maji, kaza na klipu ya chuma na siyo waya. Halafu pima.

Kupima uvujaji. Changanya sabuni ya unga au ya maji na maji kidogo, paka kwenye kila kiungio kuanzia kwenye mtungi, fungua gesi bila kuwasha hita, angalia. Povu likivimba, panavuja. Funga, kaza, rudia. Usipime kwa kiberiti, hata kama umeona mtu akifanya hivyo miaka kumi bila kuungua.

Kusoma rangi ya moto. Moto wa gesi unaotakiwa ni wa bluu, uliotulia. Kama hita yako ina wavu au sahani inayowaka nyekundu, iwake nyekundu sawasawa bila mabaka meusi. Moto wa njano wenye ncha ndefu maana yake hewa haitoshi. Zima, safisha. Ukisafisha na bado ni njano, hapo ndipo mwisho wako.

Ile hita inayowaka ukibonyeza, ukiachia inazima

Hili lina sehemu yake kwa sababu ndilo linalouma watu. Kijana mmoja wa kata ya jirani alinipigia usiku: "Shikamoo mtaalamu, samahani kwa usumbufu. Hita inawaka nikishikilia kitufe, nikiachia tu inazima. Nikifunga kitufe na waya ili kikae chini, kuna shida?"

Shida ipo, tena kubwa. Karibu na mwali wa kuwashia kuna kijiti kidogo cha chuma kinachoitwa themokapo. Kikipata moto kinazalisha umeme mdogo sana, wa milivolti tu, lakini unatosha kushikilia valvu ya gesi iwe wazi. Moto ukizimwa na upepo, kijiti kinapoa, umeme unakata, valvu inajifunga. Ndicho kinachokulinda wewe ukiwa umelala. Ukikifunga kitufe kwa waya, umemfukuza mlinzi. Moto ukizima, gesi inaendelea kumwagika. Na gesi hii ni nzito kuliko hewa, haipandi juu ikatoka kwenye tundu la paa. Inakaa chini, kwenye maranda, usawa wa vifaranga, ikisubiri cheche.

Nilimwambia: "Kijana, usiufunge huo waya. Funga gesi, wape vifaranga maji ya moto kwenye madumu, tutaongea asubuhi."

Asubuhi hatua zinakuwa hivi. Safisha ncha ya themokapo kwa kitambaa kikavu. Angalia kama ncha hiyo inaguswa na mwali, maana hita ikigongwa kijiti kinaweza kupinda. Angalia kama nati yake ya nyuma imelegea, ikaze kwa mkono, halafu kidogo sana kwa spana. Washa, shikilia kitufe kwa muda ulioandikwa kwenye hita, achia. Kama bado inazima, themokapo imekwisha au valvu ina shida. Themokapo ni kipuri kinachofungwa kwa nati. Mara ya kwanza mwite fundi, simama pembeni, mwangalie, muulize. Mara ya pili unaweza kubadilisha mwenyewe kisha ukapima kwa povu. Kama shida ni valvu, usiifungue. Valvu inabadilishwa nzima, na anayebadilisha ni fundi.

Kazi za fundi, wewe kaa pembeni

- Regyuleta. Usiifungue wala usikaze ile skrubu ya ndani. Na usihamishe regyuleta ya jiko la nyumbani kuipeleka kwenye hita bila kusoma kibao cha hita. Mgandamizo unaotakiwa unatofautiana.
- Valvu ya mtungi. Ikivuja, mtungi unarudi kwa muuzaji. Hakuna kitu cha kutengeneza hapo.
- Bomba la chuma lililopita kwenye ukuta, na viungio vya mitungi miwili.
- Nyaya za umeme za banda, saketi breka na soketi.
- Hita inayotoa moto wa njano baada ya kusafishwa.

Ukisikia harufu ya gesi wakati wowote, acha ufundi. Funga valvu ya mtungi kama unaifikia bila hatari, fungua milango na mapazia, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, usitumie simu humo ndani, toka. Ukiwa mbali na banda ndipo upige 114 ya Zimamoto kama hali inatisha. Najua unawaza vifaranga. Vifaranga wananunulika.

Kwa wanaotumia balbu za joto

Balbu ya joto ya wati 250 ikiwaka saa 24 inakula uniti 6 kwa siku. Balbu tano ni uniti 30. Piga hesabu kwa bei yako ya umeme kabla hujachagua njia hii kwa vifaranga wengi.

Kubadilisha balbu ni kazi yako, ukiwa umezima umeme na balbu imepoa. Lakini ona hizi hatari tatu. Kwanza, kishikilia balbu kiwe cha kauri, siyo cha plastiki, maana plastiki inayeyuka. Pili, ning'iniza taa kwa mnyororo, siyo kwa waya wake wa umeme, na ianze kama sentimita 45 juu ya maranda. Taa ikidondoka kwenye maranda makavu, banda linawaka. Tatu, waya wa ekstensheni usiuache umeviringishwa huku unabeba balbu kadhaa, unapata joto wenyewe.

Breka ikikata, irudishe mara moja. Ikikata tena, acha. Inakuambia kuna shida, na kuilazimisha ni kumziba mdomo anayekuonya. Tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA.

Jiko la mkaa siyo "njia salama ya zamani"

Hita ikigoma, wengi wanarudi kwenye mkaa. Inaeleweka, mkaa upo kila mahali. Lakini kuna imani moja inaua: kwamba mkaa ukishashika moto vizuri na moshi ukaisha, hauna madhara. Sivyo. Hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu na inatoka hata kwenye mkaa mwekundu usio na moshi. Utaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi. Na vijana wengi mnalala humohumo bandani wiki ya kwanza.

Kama huna namna, weka mkaa kwenye chungu au jiko lenye kizuizi vifaranga wasilifikie, acha uwazi wa hewa juu pande mbili, na usilale ndani. Lala nje ya banda, weka alamu, ingia kukagua.

Hesabu ya mfukoni

Tuchukue mfano, wewe weka bei za kwako. Una vifaranga 500, kila mmoja umenunua 2,000. Hapo ndani kuna milioni moja kabla ya chakula na chanjo. Fundi pamoja na nauli ya bodaboda anataka 40,000. Elfu arobaini ni vifaranga 20, asilimia 4 ya kundi. Ukijaribu valvu mwenyewe ukakesha nayo, wakafa 60, umeokoa 40,000 kwa kupoteza 120,000. Hapo hatujahesabu wanaobaki wakiwa wamedumaa kwa baridi, ambao watakula chakula bila kufikia uzito.

Geuza upande wa pili. Unamwita fundi mara tatu kila kundi kuja kupuliza vumbi tu. Hiyo ni 120,000. Ukiingiza makundi matano kwa mwaka, umelipa 600,000 kwa kazi ya brashi na pampu ya baiskeli. Huo nao siyo ujasiriamali.

Na hita inapofika hatua ya kula fedha, jiulize kama bado ni hita au ni mkopo usioisha. Mimi nawashauri hivi: gharama ya matengenezo ya mwaka ikizidi nusu ya bei ya hita mpya, au vipuri vyake havipatikani tena dukani, nunua nyingine. Ile ya zamani ikiwa bado salama, iweke akiba.

Namna ya kumpata fundi wa kweli

Usimtafute fundi siku ya tatizo, utapigwa bei. Mtafute kabla vifaranga hawajaingia. Waulize wafugaji wenzako na duka linalouza hita. Akija, mwangalie kitu kimoja: akimaliza, anapima kwa povu la sabuni bila kuambiwa? Kama anapima kwa kiberiti, au anakuambia "hii ya usalama tunaitoa, inasumbua tu", mlipe nauli yake aende. Kipuri cha zamani akuachie, ukione na ukijue, na andika kwenye daftari la kundi tarehe, kilichobadilishwa na bei.

Maandalizi ya kundi lijalo

Washa hita saa 24 kabla vifaranga hawajafika, siyo siku wanaposhushwa. Ikiwa na ubovu utauona mapema. Weka kipimajoto usawa wa mgongo wa kifaranga, siyo ukutani juu. Wiki ya kwanza nyuzi 32 hadi 35, halafu punguza kama nyuzi 3 kila wiki.

Kuliko kipimajoto, waangalie wenyewe. Wakilundikana chini ya hita, ni baridi. Wakikimbia pembeni wamepanua mbawa na kuhema, ni joto. Wakikaa upande mmoja, kuna upepo unaingia. Wakitawanyika wakila na kunywa, umepatia.

Kisha weka boksi moja mlangoni: brashi, spana, mpira wa gesi wa akiba na klipu zake, themokapo ya akiba ya hita yako, sabuni, tochi yenye betri, madumu matupu na namba ya fundi iliyoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu simu nayo huzima chaji usiku huohuo. Mpime mtungi kila jioni na kila asubuhi kwa wiki moja. Ukijua hita inakula kilo ngapi kwa usiku, hutashtukizwa na mtungi mtupu saa tisa usiku.

Vumbi ni lako, mpira na povu ni vyako. Regyuleta, valvu na nyaya ni za fundi. Na kitufe hakifungwi na waya, hata kwa usiku mmoja.